Kura zote 15, na mzigo wangu umeporwa: Umoja wa Mataifa una kazi gani?

Swali:

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni wakala wa forodha hapa Kurasini, huu mwaka wa kumi na nne. Mbali ya kugomboa mizigo ya watu, nina biashara yangu ndogo ya mabati, misumari na rangi, nampelekea mteja mmoja Bukavu, Kongo. Februari 2025 waasi wa M23 walipoingia mji ule, godauni la mteja wangu lilivunjwa, na mzigo wa makontena mawili ambao alikuwa hajaulipia ukabebwa wote. Wiki moja kabla, marais walikaa hapa hapa Dar wakaagiza vita isimame. Siku chache baadaye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapiga kura, wote 15 wakakubali, na hakuna aliyetoka mjini. Umoja wa Mataifa una maelfu ya askari Kongo, walikuwa wapi? Kuna mtu kaniambia nipeleke madai kwenye mahakama za The Hague, Uholanzi. Je, nitalipwa? Na la mwisho: binti yangu amemaliza kidato cha sita, tahasusi ya HGL, anataka kusoma uhusiano wa kimataifa. Moyo wangu unasita kulipa ada ya kusomea vitu visivyofanya kazi."

Jibu:

Marahaba, mdogo wangu, na pole sana. Makontena mawili unayaita biashara ndogo, lakini mimi najua maana ya mtaji kuondoka kwa siku moja, tena bila hata mtu wa kumkamata shati.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Umefunga maswali matatu kwenye furushi moja: kwa nini hawakuzuia, nani atakulipa, na mtoto asome nini. Nitakaa zaidi kwenye la kwanza, kwa sababu ukilielewa hilo hutapoteza nauli kwenda kugonga milango isiyo yako.

Tuanze na askari. Siku Bukavu inatekwa, Umoja wa Mataifa haukuwa na kikosi mjini humo. Serikali ya Kongo yenyewe ilikuwa imeomba walinda amani waondoke, Baraza la Usalama likaidhinisha Desemba 2023, na kufikia mwisho wa Juni 2024 kikosi kile, MONUSCO, kilikuwa kimefunga shughuli zake Kivu Kusini, mkoa ulipo mji wa Bukavu. Kilibaki Kivu Kaskazini na Ituri. Sisemi Kinshasa walikosea. Wananchi wa mashariki mwa Kongo walikuwa wamechoka kuona magari meupe yakipita huku vijiji vikichomwa, na mwaka 2022 waliingia barabarani kuwataka watoke. Nakueleza tu kwamba mlinda amani anakaa kwa ridhaa ya mwenye nyumba. Akiambiwa afungashe, anafungasha.

Na huyo mlinda amani ni nani? Watu wengi, hata wasomi, wanadhani Umoja wa Mataifa una jeshi lake. Hauna. Mkataba wake ulisainiwa San Francisco Juni 1945, na tangu siku hiyo haujawahi kuwa na askari hata mmoja wa kwake. Kila unayemwona na kofia ya buluu ni mwanajeshi wa nchi fulani, aliyeazimwa. Kwao ana kamanda, ana bunge linaloweza kuuliza kwa nini amekufa, na ana mama. Sisi tunalijua hilo. Desemba 2017, kwenye kambi ya Semuliki karibu na Beni, mashariki mwa Kongo, askari wetu wasiopungua 14 waliuawa katika shambulio la usiku mmoja, na majeneza yakashushwa hapa Dar yamefunikwa bendera. Nilikuwa na wanafunzi darasani wiki ile. Kijana mmoja aliniuliza: "Walikufa kwa ajili ya nani?" Somo langu lote la siku hiyo likageuka kuwa kujibu swali lake.

Kwa hiyo neno la kushika ni hilo la kuazima. Taasisi za dunia hazina nguvu za kwao. Zina jengo, wafanyakazi, sheria na kumbukumbu, lakini nguvu ya kumlazimisha mtu, yaani askari, pesa, au vikwazo vinavyouma, iko kwa nchi, na nchi huazimisha pale zinapotaka na kwa muda zinaoutaka. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo, na hapo Baraza la Usalama limeelezwa kuliko vitabu vingi vinavyoeleza.

Angalia jinsi ilivyokwenda mara ya kwanza. Novemba 2012 M23 hao hao waliiteka Goma. Kilichofuata ni tofauti kabisa na ulichokiona wewe. Nchi kadhaa zilizokuwa zikiisaidia Rwanda, iliyotuhumiwa kuwaunga mkono M23, zilizuia misaada yao. Machi 2013 Baraza la Usalama likapitisha azimio namba 2098 na kuunda brigedi yenye ruhusa ya kushambulia, si kulinda tu. Tanzania, Afrika Kusini na Malawi zikatoa askari, na kamanda wa kwanza wa brigedi alikuwa Mtanzania, Jenerali James Mwakibolwa. Kufika Novemba 2013 M23 walikuwa wameshindwa. Baraza lilikuwa lile lile, mkataba ule ule, ukumbi ule ule wa New York. Kilichobadilika ni kilichowekwa mezani na wenye navyo.

Sasa soma azimio la Februari 21, 2025, namba 2773, kama unavyosoma hati ya mzigo, yaani mstari kwa mstari. Kwenye maazimio haya kitenzi ndicho kila kitu. Baraza "linapolaani", limesema hisia zake. "Linapotoa wito", limeomba. "Linapoamua", hapo limefunga, na nchi zote 193 wanachama zinatakiwa kutii. Azimio lile liliamua kwamba M23 wasimamishe mapigano na watoke Goma na Bukavu. Kwa jeshi la Rwanda neno lililotumika lilikuwa la wito: liache kuwasaidia M23 na liondoke Kongo bila masharti. Rwanda yenyewe inakana kuwaongoza M23 na inasema inajilinda dhidi ya FDLR, waasi wa Kihutu wa Rwanda walioko Kongo. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa, kwa upande wao, wameandika ripoti baada ya ripoti kwamba askari wake wako ndani ya Kongo. Halafu tafuta sehemu ya adhabu: nani atanyimwa nini, kuanzia lini, asipotii. Utakuta Baraza linasema liko tayari kufikiria hatua nyingine. Basi. Ndiyo maana kura 15 kwa 0 haikunishangaza. Kukubaliana wote ni rahisi pale ambapo hakuna anayetakiwa kutoa kitu mfukoni.

Waliotoa walitoa kwa mkono wao, nje ya ukumbi. Siku moja kabla ya kura, Marekani ilimwekea vikwazo James Kabarebe, waziri wa Rwanda. Machi, Umoja wa Ulaya ukawawekea vikwazo makamanda wa jeshi la Rwanda na kiwanda cha kusafisha dhahabu cha Kigali. Makubaliano ya Kongo na Rwanda ya Juni 27, 2025 yakasainiwa Washington. Si New York, wala si hapa kwetu.

Na hapa kwetu je? Mkutano wa Februari 8 Ikulu, wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC kwa pamoja, uliagiza mapigano yasimame mara moja na wakuu wa majeshi wakutane ndani ya siku tano. Siku tano zilipokwisha, M23 walikuwa njiani kuelekea Bukavu. Naelewa uchungu wako. Ulisikia magari ya misafara kwa masikio yako. Lakini kaa ukijua kwamba wote wawili wanaolaumiana ni wanachama wa Jumuiya yetu, na Jumuiya huamua kwa maafikiano. Ni kama kikao cha ukoo ambacho mwenye kesi ana kiti na kauli. Kikao kama hicho kinaweza kupatanisha, kinaweza kumpa mtu njia ya kurudi nyuma bila aibu, na hilo lina thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kumkamata mtu mkono hakiwezi.

Utaniuliza kuhusu kura ya turufu, maana kila mtu huniuliza. Nchi tano, Marekani, Urusi, China, Uingereza na Ufaransa, kila moja peke yake inaweza kuua azimio. Hili Watanzania wa rika langu tuliliona kwa mtu wetu. Mwaka 1971 Salim Ahmed Salim alikuwa balozi wetu Umoja wa Mataifa, kijana wa miaka 29, na Tanzania ilikuwa mstari wa mbele kuipigania China ikae kwenye kiti chake. Oktoba 25 ile kura 76 zikaunga mkono, 35 zikapinga. Miaka kumi baadaye Salim aligombea Ukatibu Mkuu. Afrika ilimtaka, China ilimtaka, na China ikamzuia Kurt Waldheim kwa turufu raundi 16. Lakini Marekani nayo ikamzuia Salim, raundi baada ya raundi, mpaka wote wawili wakakaa pembeni na kazi ikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Siku zile nilikuwa kijana, tunasikiliza redioni, na ilituuma.

Hata hivyo nimekuja kuona kwamba turufu iliwekwa makusudi, na wanaotaka ifutwe kesho wanasahau ilikotoka. Waliounda chombo hiki mwaka 1945 walijua kwamba Baraza likijaribu kuilazimisha nchi kubwa yenye silaha, matokeo yake ni vita ya dunia, au nchi hiyo kujitoa. Turufu ni kama fyuzi: umeme unakatika, nyumba haiungui. Ninachokilalamikia mimi ni kwamba funguo za fyuzi wanazo watano walioshinda vita miaka themanini iliyopita, na Afrika yenye nchi 54 haina hata moja, wakati sehemu kubwa ya ajenda ya Baraza inahusu Afrika. Hilo ni kosa, na nitalisema mpaka nizeeke zaidi ya hapa.

Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimekudanganya, maana nitakuwa nimekuonyesha upande mmoja tu wa nyumba. Njoo kwenye meza yako ya kazi. Unapojaza tamko la forodha, unaandika namba ya bidhaa, ile mnayoiita HS. Tarakimu zake sita za mwanzo zimepangwa na Shirika la Forodha Duniani, lililoko Brussels, na zinatumika hivyo tangu 1988. Kwa sababu hiyo misumari inayoondoka Guangzhou ikiitwa kitu fulani inafika Dar ikiitwa hivyo hivyo, na inavuka mpaka wa Rusumo bila mtu kubishana kwamba hii si misumari. Meli iliyoileta ina namba yake ya tarakimu saba ya utaratibu wa Shirika la Bahari Duniani. Kontena lake lilipimwa uzito kabla ya kupakiwa, kwa kanuni iliyoanza Julai 2016. Hakuna askari anayesimamia mambo hayo, na kila nchi inatii. Kwa nini? Kwa sababu asiyetii anajiumiza mwenyewe: meli zake hazipokelewi, mizigo yake inakwama. Pale ambapo kila mmoja anapata hasara utaratibu ukivunjika, taasisi za dunia hufanya kazi vizuri hadi tunasahau kwamba zipo. Pale ambapo mmoja anapata faida kwa kuuvunja, ardhi, madini, usalama wa mpaka wake, ndipo zinapohitaji nguvu ya kuazima, na ndipo zinapokwama. Wewe umeishi miaka kumi na minne ndani ya sehemu inayofanya kazi, na umeumizwa na sehemu isiyofanya.

Sasa pesa zako.

Aliyekutuma The Hague hakukutendea haki. Kule kuna mahakama mbili ambazo watu huzichanganya. Mahakama ya Kimataifa ya Haki husikiliza nchi dhidi ya nchi tu. Mtu binafsi hapokelewi. Hata nchi nazo husubiri. Kongo iliishtaki Uganda mwaka 1999, ikashinda 2005, na fidia ikapangwa Februari 2022: dola milioni 325, wakati Kongo ilikuwa imedai zaidi ya bilioni 11. Rwanda ilishtakiwa pia, lakini mwaka 2006 mahakama ikasema haina mamlaka, kwa sababu Rwanda haikuwa imekubali kushtakiwa pale. Hata mahakama, unaona, inaazima mamlaka yake kwa ridhaa. Ya pili ni ile ya Jinai, ICC. Hiyo hushtaki watu kwa makosa makubwa. Bosco Ntaganda, aliyewahi kuwa kiongozi wa M23, anatumikia miaka 30, kwa makosa ya Ituri ya 2002 na 2003. Fidia zake ni kwa waathirika wa makosa hayo hayo. Mabati yako hayamo.

Arusha ni karibu zaidi, lakini milango yake nayo ni myembamba. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu ilisema Juni 2025 kwamba ina mamlaka ya kusikiliza kesi ya Kongo dhidi ya Rwanda. Hiyo ni nchi kwa nchi. Mtu binafsi huingia pale kwa idhini ya nchi anayoilalamikia tu, na Rwanda iliondoa idhini yake 2016. Sisi tuliondoa yetu 2019, jambo ambalo mimi binafsi lilinisikitisha, kwa kuwa mahakama iko nyumbani kwetu. Mahakama ya Afrika Mashariki ndiyo ingeweza kukupokea kama mkazi wa nchi mwanachama, lakini inataka shauri lifunguliwe ndani ya miezi miwili, na linahusu vitendo vya nchi. M23 si nchi.

Kwa hiyo achana na nani aliyepora. Mrudie nani anayedaiwa. Unasema mzigo ulikuwa ndani ya godauni la mteja na hajaulipa. Kwa kawaida mzigo ukishakabidhiwa, hasara inayoupata ni ya mnunuzi, na deni la bei linabaki palepale, isipokuwa mkataba wenu umesema vingine. Hapa ndipo barua yangu inapofika mwisho wa uwezo wake. Chukua mkataba, ankara, hati ya makabidhiano, na mazungumzo yenu yote ya simu yaliyoandikwa, umwone wakili wa biashara ana kwa ana. Mwulize sheria ya nchi gani inatawala mkataba. Ikiwa ni yetu, madai ya mkataba yana miaka 6, na mteja akikiri deni kwa maandishi na kusaini, muda huanza kuhesabiwa upya. Ikiwa ni ya Kongo, nchi ile tangu 2012 imo kwenye OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja, ambao una utaratibu mmoja wa kudai madeni ya biashara. Wakili wako atahitaji mwenzake wa upande ule. Nawe kumbuka kwamba mteja wako naye ameporwa. Siku hizo hizo hata maghala ya Shirika la Mpango wa Chakula Duniani Bukavu yalivunjwa na karibu tani 7,000 za chakula zikabebwa. Hati ya kukiri deni yenye awamu ndogo ndogo itakufaa kuliko kesi dhidi ya mtu asiye na kitu.

Bima pia isome pamoja na wakili, lakini usijipe matumaini makubwa. Bima nyingi za mizigo huondoa vita, na zile zinazoifunika huishia pale kontena linaposhuka melini. Wizi wa kawaida na uporaji wa vitani huandikwa kwenye vifungu tofauti, kwa hiyo namna tukio lilivyoelezwa kwenye taarifa yako ya kwanza ina uzito. Kuhusu dhamana ya forodha ya mzigo ule, kuthibitisha kwamba ulivuka mpaka na dhamana ikafutwa, hilo unalijua kuliko mimi. Lihakikishe wiki hii.

Na mkataba wako ujao uweke kifungu cha usuluhishi. Upo mkataba wa kimataifa wa mwaka 1958, uliosainiwa New York, unaozitaka nchi wanachama kutekeleza uamuzi wa wasuluhishi uliotolewa nchi nyingine. Tanzania iliingia 1964, Kongo 2014. Ni karatasi isiyotangazwa kwenye taarifa ya habari ya saa mbili, lakini kwa mtu kama wewe ina meno kuliko azimio lolote la Baraza la Usalama.

Kuhusu binti. Usimzuie, ila usimwache aende na ndoto ya kufanya kazi New York. Nafasi za huko ni chache na wanaozigombea ni wa dunia nzima. Wanafunzi wangu wengi waliofika mbali wameishia kwenye forodha, benki, mashirika ya misaada, wizara, na ofisi za Jumuiya Arusha, na wale wanaotafutwa zaidi ni wanaojua sheria ya biashara na lugha. Mwambie achukue masomo ya sheria ya mikataba, na asiache Kifaransa hata kikimtesa, maana asilimia kubwa ya mizigo unayoigomboa inakwenda kwa watu wanaoandika ankara kwa Kifaransa. Likizo hii, kabla hujalipa ada, mweke mezani kwako mwezi mmoja. Mpe tamko moja la forodha na azimio namba 2773, avisome vyote viwili mstari kwa mstari, kisha akueleze kipi kinatiiwa na kwa nini. Akipenda kazi hiyo, mlipie. Na akikwama kwenye vitenzi, mlete kwangu.